Mashahidi wa Kontrakta Kitwana

Zile nyumba tatu za walimu pale Makurunge, zenye kuta nene na baraza ya kukaa watu kumi bila kubanana, alizijenga Kitwana Ausi. Ukuta haujapasuka hata mmoja. Hilo lijulikane mapema, maana yanayofuata ni mambo ya kodi, na mambo ya kodi humfanya hata mwenye kazi safi aonekane mwizi wa kuku.

Kitwana hakuwa kontrakta wa kalamu. Alianza kwa kubeba zege kichwani zama za Mwingereza, akapanda akawa fundi, na Serikali yetu ilipoanza kuwagawia wenyeji kazi ndogondogo, naye akatia jina, akapata. Lori hakuwa nalo, karani hakuwa naye. Alikuwa na watu. Akipata nyumba huikata vipande kama papai: chokaa na lipu anampa Bwanausi wa Mapinga, kaka yake mkewe; kupaua anampa Seleman, seremala mwenye maneno mengi kuliko misumari; msingi na mawe anampa Rajabu, ambaye husikika sauti siku za Idi tu. Kila mmoja na vibarua wake, kila mmoja na jeuri yake.

Kazi ikikubaliwa, Kitwana huwaita barazani kwake. Wanakula, wanasoma fatiha, kisha anawatilia haki zao mkononi, kila mtu na yake, mwenzake asihesabu. Karatasi haikuwepo. Kumsogezea mtu karatasi aweke dole gumba, na mmetoka kula sahani moja sasa hivi, ni kumwambia, "Mwenzangu, nakuona una sura ya mwizi." Nani angethubutu? Tena shemeji?

Ndipo ikatajwa zahanati ya Mkange. Ilikuwa kazi kubwa kupita zote alizowahi kushika, na Kitwana alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kwa bismillahi kila kipago, magoti yakimlia. Alijua mwenyewe: akiipata zahanati, atamalizia uzee wake chini, akisimamia wenzake; akiikosa, atarudi kupandia watu majukwaa mpaka siku atakayoanguka. Akapeleka jina. Akajibiwa vizuri, isipokuwa safari hii walitaka jambo jipya: cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi kodi.

Afisa wa kodi alikuwa akija mara mojamoja kutoka Dar, anaazimwa chumba chenye meza na kiti kibovu. Alikuwa kijana, ana mafua, na macho ya mtu aliyekwisha kusikia uongo wa kila namna tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Fedha za nyumba tatu zimepita kwako."

"Zimepita. Hazikulala."

"Zikaenda wapi?"

"Kwa mafundi."

"Risiti zao?"

Kitwana akamtazama kama aliyeulizwa risiti ya mahari.

Kijana akafuta pua, akaeleza polepole. Fedha ambayo huna ushahidi kwamba umemlipa mtu, sheria inaihesabu umekula wewe. Na uliyoila utaitolea kodi, yote, si ile iliyobaki mfukoni. Kitwana alisikiliza, na kila alivyoelewa ndivyo mabega yalivyoshuka.

"Mwanangu, ningekula mimi fedha zote hizo, ningevaa shati hili?"

Kijana akalitazama lile shati. Alimwamini, ilionekana usoni, lakini shati halitiwi kwenye faili. "Basi, mzee, niletee hao mafundi. Waje kwa miguu yao, kila mmoja aseme alilipwa kiasi gani, niandike, waweke dole. Nitakutolea cheti hapahapa. Niko mpaka Alhamisi."

Ungedhani ni jambo jepesi. Lakini mtajie mtu wa pwani ya huku neno kodi, halafu utafute vumbi lake. Kodi ya kichwa ilikuwa imekwisha kufutwa, ndiyo, ila watu wa rika la Bwanausi walilala porini na mbu, wakiwakimbia matarishi wa Mwingereza waliokuja kuidai, na woga wa namna ile haufutwi kwa tangazo la redio. Kitwana alipanda basi hadi Mapinga, akapiga hodi. Akatoka Mina, mke wa Bwanausi, mikono ina unga.

"Shemeji, mwenzio hayupo. Kaenda shamba, mbali."

Ndani mtu akakohoa.

"Na huyo?"

"Mbuzi," akasema Mina bila kupepesa jicho.

"Basi mwambie mbuzi Kitwana amekaa hapa barazani, haondoki, na hajala."

Mbuzi akatoka, kajifunga msuli, anacheka kwa aibu. Lakini kicheko kilikoma alipoelezwa. "Shemeji, nikiweka dole langu pale leo, kesho watanifuata na mimi."

"Wewe watakufuata kwa kidogo. Mimi wamenifuata kwa zote, pamoja na zako!"

"Tutaona," akasema Bwanausi, na kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa kanzu.

Seleman naye akasema ana mgonjwa. Rajabu hakusema kitu, kama kawaida yake. Kitwana akarudi nyumbani vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa kitandani na viatu vyake. Mkewe Mwanamvua akamwangalia mara moja tu, akatia buibui, akaenda Mapinga mwenyewe. Aliyomwambia kaka yake hayaandikiki. Majirani walisikia likitajwa ziwa walilonyonya wote wawili, na sahani za pilau zikihesabiwa moja moja.

Alhamisi wakaja wote watatu. Kanzu zimepigwa pasi, kofia za kiua, udi unanukia mpaka barabarani, utasema wanakwenda kuposa. Kitwana nusura atokwe na machozi.

"Tulia, shemeji," Bwanausi akamnong'oneza mlangoni. "Tumekaa jana, tumeshauriana. Leo tunakutoa."

Afisa akasimama kuwapokea, akawapa shikamoo zao, akachukua kalamu. "Haya, mzee wangu. Pale Makurunge, Bwana Kitwana alikulipa kiasi gani?"

"Kunilipa?" Bwanausi akashika kifua. "Huyu? Kamuoa dada yangu! Mimi nimlipishe shemeji? Nilimsaidia tu, bwana. Tulikula wali, tukashukuru."

Kalamu ikasimama. "Nyumba tatu? Kwa wali?"

"Wali wa nazi," akasema Bwanausi.

Afisa akamgeukia Seleman. "Na wewe uliyepaua?"

"Mimi nilikuwa napita tu."

"Unapita wapi, juu ya paa?"

"Njia ilinipeleka, bwana."

Rajabu akatikisa kichwa kuunga mkono, na hiyo kwake ni hotuba.

Kitwana akawatazama mmoja mmoja. Akaelewa mashauriano yao yalikuwa yapi. Kwa akili zao, anayesakwa na kodi huokolewa kwa njia moja tu: kukanusha kwamba fedha ipo. Hakuna aliyelipwa, kwa hiyo hakuna fedha, kwa hiyo hakuna kodi, ya Kitwana wala ya kwao. Ndivyo wazee wao walivyofichana kwa matarishi. Hawakujua kwamba kodi ya siku hizi imekaa upande wa pili wa meza, na kila "sikulipwa" wanayoisema inarundikwa juu ya kichwa cha Kitwana kama karai la zege.

"Bwanausi," akasema Kitwana, "mwambie kweli. Nilikulipa."

Bwanausi akamkonyeza! Akamkonyeza waziwazi mbele ya Serikali, jicho zima, kwamba kaa kimya, unaharibu.

Afisa akaliona lile jicho. Akaweka kalamu chini, akapiga chafya, akasema kwa uchovu, "Mzee wangu, mimi Mwislamu na wewe Mwislamu. Hebu niapie. Kama hukulipwa, apa, niandike hivyo, yaishe."

Bwanausi akaiweka sawa kofia yake. Alimtazama Kitwana, kisha dari. Alikuwa mtu wa swala tano, mtu ambaye hata deni la chumvi hulirudisha. Mkono wake ukaanza kuinuka taratibu, na uso ulikuwa wa mtu anayeingia motoni kwa ajili ya ndugu. Angeapa. Kitwana aliona wazi kwamba angeapa, na angekwenda na kiapo kile mpaka kaburini akidhani ametenda wema.

Mkono wa Kitwana ukamshika kifundo, ukaushusha.

"Usiape," akasema. Kisha kwa afisa: "Andika, mwanangu. Walinisaidia."

"Mzee, unajua maana yake?"

"Najua."

"Fedha zote zitakuwa zako. Na cheti sitaweza kukupa mpaka kodi yake iishe."

"Watu wazima hawa. Nikiufichua uongo wao, utawafungulia faili za kusema uongo. Andika, twende tukaswali."

Kijana akaandika. Alichukua muda mrefu, kama aliyekuwa akingoja mtu abadili neno, na hakuna aliyebadili.

Nje wakamkumbatia. Seleman aliigiza alivyojibu, hatua kwa hatua. "Umemsikia? 'Juu ya paa!' Nikamkazia jicho!" Bwanausi aliomba nauli ya kurudi Mapinga, Kitwana akampa.

Nyumbani Mwanamvua alimsoma usoni kabla hajakaa. "Hawakwenda?"

"Wamekwenda."

"Wamesema?"

"Wamesema sana."

Alipomaliza kuelezwa, mama wa watu alikuwa tayari mkono uko kwenye buibui. Kitwana akamzuia. "Kaa, Mwanamvua. Ukimwambia kaka yako, atajiona mjinga mpaka afe. Mimi nimechoka, sina nguvu ya kumtunza na yeye."

Zahanati akapewa kontrakta wa Dar, mwenye lori na karani. Kodi Kitwana akaanza kuilipa kidogo kidogo, mwezi huku, mwezi kule, na Mwanamvua akaanza kuuza vitumbua asubuhi, mdomo umefungwa, mtu asimuulize kwa nini. Kontrakta yule naye alihitaji watu wa lipu. Bwanausi akapata kipande, na kwa kuwa ni mtu mwema, akaja mwenyewe kumwita shemeji yake wakafanye pamoja.

Kwa hiyo Kitwana aliiona zahanati ya Mkange ikisimama, lakini aliiona kutoka juu ya jukwaa, mwiko mkononi, jua mgongoni. Bwanausi alikuwa chini yake akikoroga.

"Shemeji," akaita, "hivi yule kijana wa kodi alikupa kile cheti?"

"Bado."

"Bado! Na sisi tulivyokusemea vile?" Bwanausi akatema mate pembeni. "Husuda tu. Watu wa ofisini hawapendi kuona mtu anasaidiwa."

Kitwana akanyoosha goti moja, kisha la pili, akashika nguzo mpaka maumivu yakapungua.

"Mlinisemea, Mungu awalipe," akasema. "Lete karai."