Kiingilio Kuni Moja

Juzi nilipita Musoma, nikaingia duka moja jirani na soko kumnunulia shangazi sukari. Nilipoinua macho nikaziona zile nguzo mbili za katikati, nikapatambua. Ndugu yangu, hapo ndipo palipokuwa ukumbi wetu wa maigizo.

Unaikumbuka miaka ile ya dhiki? Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai, na sukari ilikuwa habari ya kunong'onezana. Lakini kila Jumapili baada ya kanisa, kikundi cha mtaa kilicheza mchezo, na kiingilio kilikuwa kuni moja. Unaiacha mlangoni, unaingia na kigoda chako. Mchezo ukiisha, kuni zile zinapikia uji wa mtama wenye ukwaju, tunakunywa wote, waigizaji na watazamaji. Aliyeleta kijiti alitaniwa mpaka kikombe kikauke.

Shangazi alikuwa mwigizaji, na bibi, mama yake, muuza samaki wa kukaanga, alilichukia jambo hilo. "Mtoto wa kike hapigagi kelele mbele za watu," alisema. Mwishowe akatangaza kwamba Jumapili atakuja kujionea mwenyewe. Akiona aibu, Jumatatu shangazi anarudi kijijini kulima mihogo. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua alivyolia.

Siku ilipofika bibi alichagua kuni nene kuliko zote, maana hata kwa hasira zake hakutaka kutaniwa. Tukakaa mbele kabisa. Mchezo ulihusu mama mzee anayetafuta sukari ya uji wa mgonjwa. Shangazi akatokea amefunga kitenge kama bibi, anatembea kama bibi, anakohoa kabla ya kusema, kama bibi. Ukumbi mzima ukatugeukia huku ukicheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenye duka aliigizwa na mwalimu wangu wa shule. Nyuma yake kulikuwa na gunia lililofunikwa shuka, sote tunaliona. "Sukari hakuna, mama." Shangazi akamsihi. Mwalimu akamfukuza, akamsukuma kidogo begani.

Hapo bibi akasimama.

"Ipo! Iko chini ya hilo shuka, nimeiona mimi! Na wewe mwalimu, nilikuwaga nakuheshimu!"

Akapanda jukwaani na kigoda mkononi. Mwalimu alirudi nyuma hadi ukutani, na ile hofu hakuwa anaiigiza. Bibi akavuta shuka, akazamisha mkono guniani, akachota. Mchanga wa ziwani. Akautazama mchanga kiganjani, kisha akatutazama sisi.

"Kumbe mnatufichaga mpaka mchanga!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga vigelegele, wakapiga vigoda sakafuni, mzee mmoja akalia kwa kucheka. Na shangazi, bila kutoka katika uzee wake, akamshika bibi mkono: "Twende tukamshtaki, mwenzangu." Bibi akasita kidogo tu. "Twende!" Wakamkamata mwalimu huku na huku, wakamzungusha jukwaa zima, nami nikawa nimesimama juu ya kigoda napiga kelele kuliko wote. Sijapata tena kujivuna namna ile.

Wakati wa uji shangazi alikaa akisubiri hukumu. Bibi akanywa taratibu, akafuta mdomo.

"Umekosea kukohoa. Mimi nakohoaga kwa chini, hivi."

Kijijini hakukutajwa tena. Kila mchezo ule uliporudiwa, bibi alikaa palepale na kusimama palepale, na watu walipanda basi kutoka Bunda kuja kumwona anavyosimama.

Baadaye biashara ikafunguliwa, sukari ikajaa madukani, tukashangilia, na haki tulikuwa nayo. Kisha video ikafika nyumba ya pili, watu wakahamia huko, kikundi kikatawanyika, ukumbi ukapangishwa. Bibi naye akatutoka.

"Sukari ipo?" nilimuuliza kijana wa dukani.

"Imejaa, dada. Kilo ngapi?"

Magunia yalipangwa hadi darini mahali aliposimama bibi, wala hayakufunikwa kitu.

Jioni nilimpelekea shangazi sukari yake, nikamweleza imetoka wapi. Ni mzee sasa, miguu inamsumbua. Akaishika mikononi muda mrefu. Akakohoa, kwa chini, na safari hii hakuwa anamwigiza mtu. Kisha akajivuta, akasimama wima katikati ya sebule.

"Ipo!" akasema, na nyumba nzima ikapiga makofi.