Mbio Zilizomtoa Mjomba Kifungoni

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, wala si kwa kupenda. Jana ulinijia na fulana yenye namba kifuani, meno yote nje, unaniambia, "Koko, Jumapili naogelea, napanda baiskeli, kisha nakimbia. Njoo unipigie vigelegele." Nikatazama pembeni. Ukadhani bibi yako anaona haya mapaja ya watu. Siyo. Mbio hizo za mara tatu nilizikimbia mimi kabla mama yako hajazaliwa, hapa hapa Moroni, na mpaka leo zimenikaa kooni.

Wakati ule wenye sauti nchini walikuwa wazungu wa bunduki, askari wa kukodiwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitolewa kwetu Hombo, kule Mutsamudu, kisiwa kingine, nikaletwa kwa kaka wa mama yangu, Mjomba Saidi, nimsaidie mkewe kazi za nyumba. Mjomba alikuwa fundi wa majoho, yale wanayovaa wanaume waliokwisha kutimiza ndoa kubwa, ile ya mila inayompa mtu cheo mjini. Mimi ndiye niliyewapelekea wateja majoho yao kwa baiskeli yake, mpaka Vuvuni na kurudi, milima yote ile. Kuogelea nilijifunza kwetu na kaka zangu, kwa ukaidi, na fimbo za mama nilizila. Kwa hiyo miguu nilikuwa nayo. Akili ilikuwa bado njiani.

Alasiri moja pale bangwe, uwanja wanapokaa wakubwa wa mji, Mjomba na wenzake wawili walisema neno juu ya wale wazungu. Kesho yake wakachukuliwa wote watatu, wakafungwa kambini kwa wazungu, nami nikawa nampelekea Mjomba chakula langoni kila siku, akija kukipokea mwenyewe. Mtaa ukakutana, ukakubaliana: hakuna wa kwetu kuwauzia wazungu samaki, wala kuwafulia nguo, wala kukanyaga sherehe yao, mpaka watatu wale warudi. Ikasomwa Fatiha. Nawe unajua, Fatiha ikishasomwa juu ya neno, neno hilo si lako peke yako tena. Anayelivunja hutengwa. Haombwi moto, haalikwi harusini, hata maiti wake hana wa kumbeba.

Sasa nikiwa sokoni Volovolo nanunua muhogo, nikamkuta Ahamada, kijana aliyekuwa mkalimani wa wazungu, anatangaza mbio zao. Kuogelea bandarini, baiskeli hadi Vuvuni na kurudi, kumalizia kwa miguu mpaka kwenye lango la kambi.

"Na mwanamke je?" nikamuuliza.

"We Fatima, unataka kuwaaibisha wanaume wa watu!" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Mkubwa wao siku ya zawadi huwa na moyo mwepesi. Ukifika mbele yake, omba unachotaka."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyeficha kito kinywani. Nilimwambia mtu mmoja tu, Koko Moinaesha, mkubwa wa wanawake wa mtaa wetu. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuuacha ungo.

"Umepata kuona mwizi akirudisha mbuzi kwa sababu amechezewa ngoma?"

"Koko, ni mjomba wangu."

"Na wale wawili ni wajomba wa nani?"

Nikaondoka na hasira. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Guu langu halikuvunjika, mwanangu. Lingevunjika ingekuwa heri yangu.

Jumapili ikafika. Nilivaa suruali ya Mjomba, nimeikaza kwa kamba. Tukaingia majini, vijana wa kiume wa mitaa mingine na mimi. Visigino vya watu vikanipiga mdomoni, nikameza chumvi na damu yangu. Nilipotoka kwenye mawe meusi, dunia ilikuwa inayumba. Nikapanda baiskeli, nguo zimenigandama. Kwenda Vuvuni niliwapita watatu, maana kila mlima nilikuwa naujua kwa jina. Kurudi, nikapita mtaani kwetu. Watu walikuwa wametoka, wamejipanga kando ya barabara. Nikasema moyoni, kumbe wamekuja kunishangilia.

Wakanigeuzia migongo. Mmoja baada ya mwingine, kimya, mpaka watoto. Mgongo wa Koko Moinaesha niliujua kwa shiromani yake, ile shuka ya kujifunika.

Nikashuka kwenye baiskeli kukimbia, miguu ikawa kama magogo ya kuazima. Hapo ningeweza kusimama. Ningekaa chini nikalia, pengine wangenisamehe. Nikakimbia.

Nilifika wa nne. Lakini mkubwa wao aliniona mwanamke, nimelowa, suruali imefungwa kamba, akacheka mpaka akashika tumbo. Akaniita, akanivisha fulana yao, nikapigwa picha. Ahamada akaninong'oneza, "Sema sasa." Nikamtaja Mjomba. Mjomba wangu tu, mwanangu. Wale wawili hawakunijia hata kichwani. Mzungu akacheka tena, akatikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi, akasema neno. Ahamada akatafsiri: "Mpeni mjomba wake."

Jumatatu Mjomba akarudi. Mkewe akapiga kigelegele, hakikuitikiwa na nyumba yoyote.

Ijumaa baada ya sala akaenda bangwe, akakaa mahali pake. Waliokuwa kwenye baraza ile wakasimama, wakahamia nyingine. Mmoja tu ndiye aliyesema naye. "Saidi, watatu mliingia. Wewe uliwaambia nini hata ukatoka?"

Masikini hakujua lolote. Alikuja nyumbani kuuliza, mkewe akamweleza. Akaniita, nikapiga magoti, nikidhani nitapigwa. Hakunipiga.

"Kila siku uliniletea chakula pale langoni," akasema. "Hata siku moja hukuweza kuniuliza?"

"Nilitaka utoke, Mjomba."

"Ungeniacha mle, ningetoka mtu."

Katika wale wawili, mmoja alitoka baadaye akapokewa kwa ngoma na kushikwa mikono. Wa pili aliletwa maiti. Mtaa wote ukamzika. Mjomba alikwenda kumbeba rafiki yake, akarudishwa mlangoni. Joho hakuna aliyemletea tena kushona. Tukahamia Hombo, akaishi miaka michache anashona foronya za mito, akafa. Mtu aliyewavisha wanaume wa mji mzima alizikwa na majirani wa Hombo wasiomjua vizuri. Mimi nilirudi hapa kuolewa, mtaa mwingine. Kule mtaani kwa Mjomba mpaka leo wapo wazee wasionijibu salamu, wala siwalaumu.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye wewe, basi sikiliza. Sikukatazi kukimbia. Mbio zako ni za vijana wenzako, hazina bunduki langoni. Lakini yako mambo mengi maishani yatakayokujia kama mbio, na utajiona una miguu kuliko wote. Kabla hujaondoka muulize yule unayemkimbilia kama anataka kufikiwa. Neno lililofungwa na watu wako usilifungue peke yako kwa sababu wewe una haraka. Na ukipata nafasi ya kuomba, usimwombee mmoja katika watatu, maana huyo mmoja utakuwa umemtenga na wenzake, hata ukimtoa mzima. Mapenzi yasiyouliza huua. Mimi niliua hivyo.

Jumapili sitakuja, usinisubiri barabarani. Nitakaa kwenye mkeka wangu nikuombee. Mungu akupe pumzi ndefu na goti zima. Akupe na watu ambao ukipita watakutazama usoni, na siku wakikugeuzia mgongo, akupe moyo wa kusimama hapo hapo. Amin.