Manyoya ya Mkia wa Majivu

Manyoya ya mbwa yaliyolowa mvua, yakikaukia karibu na moto wa kuni ndani ya nyumba ya nyasi ambamo ng'ombe nao wanalala, yana harufu ambayo siwezi kuikosea hata mkinifunga macho. Ni majivu, ni maziwa yaliyoganda, ni mkojo wa ndama, na katikati ya hayo yote kuna harufu ya woga. Woga una harufu, msinibishie. Niliusikia msimu mmoja wa masika, nikiwa binti mdogo ambaye hajamaliza kung'oka meno ya utoto, kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya mahali panapoitwa leo Engutoto. Siku zile mji wa Arusha haukuwa mji wa kusema. Palikuwa na Boma la Wajerumani, lililojengwa kwa mawe waliyoyabeba baba zetu, na palikuwa na askari waliopanda huku kwetu kila walipohitaji mikono ya kazi. Sisi Waarusha tulikuwa na migomba yetu, ng'ombe wetu na ukungu wetu, tukajidanganya kwamba ukungu unatuficha.

Mama yangu sikumjua. Alifariki nikiwa bado nanyonya, na aliyenilea ni bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa lugha yetu tulimwita Koko. Nilikula mkononi mwake, nililala mgongoni mwake, na neno lake kwangu halikuwa na mjadala. Angeniambia mlima umehama usiku, ningetoka nje kutazama umehamia wapi. Baba naye nilimpenda kwa heshima. Kwetu mtoto hamkimbilii mtu mzima na kumrukia shingoni. Huenda mbele yake, akainamisha kichwa, na mtu mzima humwekea kiganja utosini. Hiyo ndiyo salamu. Baba alikuwa na kiganja kizito chenye joto, na kila jioni nilikisubiri mlangoni kama ndama anavyosubiri mama yake.

Basi jioni moja Baba hakuja peke yake. Alifuatana na mtu wa pwani aliyevaa kanzu, mpishi wa Mzungu mwenye shamba kule chini, njia ya kwenda Nduruma. Mpishi alibeba tenga lililofunikwa kwa gunia, na ndani ya tenga kulikuwa na kitu kinacholia. Walisimama uani wakazungumza kwa Kiswahili, Baba akikivunjavunja, mpishi akikinyoosha. Mimi nilikuwa miguuni pao nikichungulia tundu za tenga. Kiswahili sikukijua hata neno. Mapatano yote yalifungwa juu ya kichwa changu, nikiwa nasikia kila sauti na sielewi kitu. Na baadaye nilipojifunza lugha hii mnayoisoma hapa, nilijifunza kwa hasira, ili pasiwe tena na mtu wa kuniuza mbele ya masikio yangu. Mpishi alipoondoka, Baba alifunua gunia, akanitolea mbwa mdogo wa rangi ya majivu, akasema kwa lugha yetu, "Haya, mwanangu. Huyu ni wako. Mlee."

Wangu! Nyumbani kwetu hapakuwa na kitu changu. Ng'ombe walikuwa wa Baba, vibuyu vya Koko, na hata shanga za shingoni zilikuwa za marehemu Mama. Nilimwita Majivu hapo hapo. Koko alimshika masikio, yakaning'inia kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, maana mbwa wa kwetu masikio yao husimama. "Masikio haya hayakuzaliwa huku," alisema, akamtazama Baba, na Baba akatazama moto. Mtu mzima angeusoma mtazamo ule. Mimi nilikuwa nimezama kwenye yale masikio.

Lakini huyo Majivu alikuwa mwoga, lo! Aliogopa moshi, aliogopa ndama, aliogopa sauti ya maziwa yakitikiswa kwenye kibuyu. Alijisokota nyuma ya mafiga ya akiba, pale penye giza, akatetemeka mpaka ukuta wa udongo ukadondosha vumbi. Nilipomvuta kwa mguu alijikojolea, Koko akanipiga kofi la mkono. "Wee! Ukimvuta leo, utamvuta maisha yako yote," alisema. Ndipo akanifundisha namna ya kwetu ya kumkaribisha mnyama, na sijapata kuona namna iliyo bora kuliko hiyo mpaka leo. Kwanza ni pua. Alikata kipande cha sketi yake kuukuu ya ngozi, iliyolainika kwa mafuta na jasho la miaka, akanipa nikivae tumboni kutwa nzima, kisha akakitupa kule gizani alikojificha mbwa. Pili ni mate. Nilitafuna ndizi mbivu, nikaitemea kiganjani, nikakiacha kiganja sakafuni nikatazama pembeni. Msishangae, kwetu mate ni baraka, mzee akikupenda hukutemea. Sikuruhusiwa kumtazama machoni wala kumwita. "Usimwite," Koko alirudia kila mara. "Mgeni haitwi mara ya pili. Umeshamwonyesha mlango, ngoja aje kwa miguu yake."

Nikangoja. Mimi niliyekuwa siwezi kungoja hata uji upoe! Mvua ilinyesha nje, migomba ikavuja, kiganja changu kikafa ganzi sakafuni, na ndizi ikaliwa na sisimizi. Nililia kwa hasira nikasema mbwa huyu hanitaki. Subira yavuta heri, watu husema, lakini hawasemi kwamba heri inavutwa kama ng'ombe mkaidi. Kisha asubuhi moja, Koko akinikamulia maziwa ya kunywa nami nimemsahau mbwa kabisa, nilihisi kitu chenye unyevu juu ya mguu wangu. Alikuwa ameweka kidevu chake pale. Hakulamba, hakutikisa mkia. Aliweka tu kidevu, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Sikusogeza mguu ule mpaka ukafa ganzi nao, na Koko, aliyekuwa akituona, alinitemea mate utosini kunibariki.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja desturi ya mwisho, ile ya kumfunga mbwa na nyumba. Hukatwa manyoya machache ya ncha ya mkia, hufungwa kwa uzi wa kano, na mama wa nyumba huyachomeka kwenye nyasi za paa, juu kabisa ya mlango. Mbwa ambaye manyoya yake yako pale hapotei. Akaibwa, akauzwa, akasombwa na mto, atarudi. Koko alikata manyoya kwa kisu cha Baba, mimi nikamshikilia Majivu, ambaye hata hakulia kwa kuwa nilikuwa nimemshika. Koko akapanda juu ya kigoda, akapitisha mkono kwenye nyasi, akanong'ona maneno yake, akashuka na mkono mtupu. "Tayari, Koko?" niliuliza. "Tayari," alisema, akajikung'uta sketi. Nilicheza uani kwa furaha mpaka nikateleza kwenye matope.

Masika yale yaliyobaki yalikuwa yetu wawili. Majivu aliota miguu, akawa mrefu kupita mbuzi. Tulikwenda mferejini pamoja, tuliwinda panya migombani pamoja, na nilipomwita alikuja kabla sijamaliza jina. Kupe walimpanda, akaugua, akapona. Na kila alipopona nilimwona Baba akimkagua ufizi na macho kwa makini sana, nikasema moyoni, tazama Baba naye anavyompenda. Mjinga mimi!

Mvua zilipokatika, yule mpishi alirudi na kamba. Baba alimshika Majivu, akamfunga shingoni mwenyewe kwa mikono yake, akamkabidhi. Nilipiga yowe, nikaambiwa na Baba ninyamaze. Ndipo aliponieleza, akitazama migomba. Mzungu alikuwa na mbwa waliotoka kwao ng'ambo, na watoto wao walikuwa wanakufa kwa kupe wa nchi hii. Mpishi ndiye aliyemshauri amtoe mmoja alelewe kwenye moshi na uchafu wa wenyeji, azoee au afe. Hakufa. Na Mzungu, kama shukrani, alikuwa ameahidi kuliambia Boma kwamba Baba ni mtu wake, asichukuliwe kwenda kuponda mawe ya barabara. Jirani yetu alichukuliwa mwaka ule, akarudi na vidole vilivyosagika. Mnaona sababu? Mimi niliiona papo hapo, mdogo vile nilivyokuwa. Angeniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, mlee huyu ili nisichukuliwe," ningemlea kwa bidii ile ile, na ningemtoa nikilia lakini ningemtoa. Yeye alisema ni wako. Ahadi ni deni, na hili hakulilipa mpaka anaingia kaburini.

Hata hivyo siku ile sikulia sana, kwa sababu nilikuwa na siri. Manyoya yalikuwa kwenye paa. Nilikaa njiani kila siku nikitazama kule chini, nikimwambia Koko, "Atarudi tu, si umemfunga?" Koko alikuwa akijibu, "Njoo ule." Siku zikapita, nyasi zikakauka, njia ikabaki njia. Mwishowe nikaingiwa na wasiwasi kwamba labda panya wamejengea kiota chao yale manyoya. Koko alipokwenda mferejini, niliweka kigoda juu ya kinu kilichofudikizwa, nikapanda, nikatia mkono kwenye nyasi. Nilipata mafungu mengi madogo yaliyofungwa kwa kano: meusi, mekundu, yenye mabaka, ya mbwa wa nyumba ile waliokufa kabla sijazaliwa. La rangi ya majivu halikuwapo. Nilifukua mpaka paa likatoboka nikaona mbingu.

Koko alirudi akanikuta juu pale, masizi usoni. Hakugomba. Aliingiza mkono kwenye mshipi wa sketi yake ya ngozi, akatoa fungu la manyoya ya Majivu, lililosawijika kwa jasho lake. "Mbwa wa watu hafungwi kwangu," alisema. "Angerudi, baba yako angekwisha." Nikamuuliza, "Nawe ulijua tangu siku ya kwanza?" Akasema, "Nilijua tangu masikio." Wahenga wana msemo, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sihitaji kuelezwa maana yake. Niliiona ikitolewa mshipini. Baba kunidanganya niliweza kukumeza, kwa tabu, kama dawa ya mwarobaini. Lakini Koko! Alipanda kigoda, akanong'ona, akashuka, akaniambia tayari. Alinidanganya kwa baraka.

Na hapo ndipo dunia inapokuwa na kejeli zake, maana Majivu alirudi. Bila manyoya paani, bila uganga wa mtu, alitokea migombani asubuhi na kipande cha kamba kilichotafunwa shingoni, mbavu nje, akaja moja kwa moja akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Sijui nilisema nini. Najua Baba alitoka nyumbani, uso umemshuka, akajaribu kumkamata, na Majivu, yule mwoga wa tenga, akamkatalia kwa meno. Baba alijaribu tena na tena. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Hatakwenda na mimi. Atakufuata wewe. Mpeleke."

Nilimtazama Koko. Koko alikuwa akifagia palipokwisha fagiliwa.

Nikampeleka, Baba akitufuata nyuma. Sikuhitaji kamba. Alinifuata kwa furaha njia nzima, akitangulia, akirudi kuninusa, akidhani tunakwenda kuwinda. Yote niliyomfundisha, pua na mate na kungoja, ndiyo yaliyomfikisha kwenye lango la Mzungu. Walipomfunga mnyororo hakunguruma. Aligeuka tu kunitazama kama nitasema neno. Mzungu alifurahi sana. Mtu fulani alikuwa amemfundisha desturi yetu, kwa hiyo alikuja mbele yangu akanyoosha kiganja utosini mwangu. Nilisimama wima, sikuinamisha kichwa. Baba alinikanyaga mguu. Sikuinamisha. Jioni, nyumbani, Baba aliponyoosha kiganja chake kizito, niliinama, kwa kuwa ni desturi. Lakini sikukisubiri tena mlangoni. Nadhani alijua. Hakupelekwa kuponda mawe, vidole vyake vilibaki kumi, na kwa vidole hivyo alinigusa kichwa mpaka nilipoolewa, na hatukuzungumza habari ile hata mara moja.

Wajerumani waliondoka na vita vyao, wakaja wengine, nao wakaondoka. Shamba lile lina wenyewe wapya. Nyumba yangu sasa ni ya mabati na haina ng'ombe ndani, moshi hauna pa kukaa, na watoto siku hizi husema shikamoo wakiwa mbali, wakikimbia. Watu huniambia, Bibi, zamani palikuwa na upendo, watu walikuwa wakweli. Zamani nilikuwapo. Juzi mjukuu wangu alipewa mbwa mdogo na mama mmoja wa sokoni, akaja naye amemfumbata, mbwa anatetemeka kama alivyotetemeka yule. Nilikwenda kwanza kwa baba yake mtoto, ambaye ni mwanangu, nikamuuliza mara mbili kama mbwa huyu ni wa mtoto kweli. Akacheka akasema, "Mama, ni wake, ni wa nani tena?" Nikamfundisha mjukuu yote, pua, mate, kungoja. Siku ya manyoya ilipofika nilikata, nikafunga kwa uzi wa kushonea, kwa kuwa kano sina. Kigoda nilikataa kupanda. Nilimpandisha yeye, nikamwelekeza panapoachana bati na boriti juu ya mlango, achomeke mwenyewe kwa kidole chake, asukume mpaka ndani. Kila asubuhi anapanda tena kuangalia kama bado yapo. Mama yake anamgombeza kwamba ataanguka avunjike. Mimi namshikia kigoda.