Ngamia Wangu wa Tabora

Chekeni kwanza mmalize, ndipo niwasimulie, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile nafunika uso kwa khanga, na niko peke yangu jikoni.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani Ipuli, hapa hapa Tabora, naota ualimu tu, ndipo likatoka tangazo kwamba atakayesoma insha nzuri mbele ya watu, kuhusu misafara ya zamani, atapelekwa kozi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Mwalimu Kasanda, msimamizi wetu, akatuonya: "Kila jambo mseme mmelitoa wapi." Mimi nilikuwa nimelitoa kwenye gari la sinema! Lilikuja uwanjani, wakatundika shuka jeupe, nikaona humo msafara wa ngamia ukishuka kilima cha mchanga, shingo zinayumba, kengele zinalia (wallahi nilisahau kufumba mdomo). Mama akaniambia, "Muulize babu yako, mwanangu." Nikamjibu, "Mama, mimi nimeona kwa macho!"

Siku yenyewe ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nikasoma kwa madaha: "Ngamia waliingia Tabora kwa maelfu, wamebeba pembe za ndovu. Chanzo: sinema."

Mzee Maganga, fundi baiskeli wa mtaa wa Mtendeni, akanyoosha mkono. "Mjukuu wangu, hao ngamia walilala wapi?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Lakini kozi ile niliitaka mno. "Mtendeni, babu."

"Kwangu?"

"Jirani na kwako."

"Na maji?"

Nikawachimbia kisima pale pale, kwa mdomo, kirefu, na ngazi nikaweka.

Mama mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Kumbe babu yangu alikuwa ngamia, na mimi sikuambiwa!" Ukumbi ukalipuka, watu wanashika mbavu.

Mwalimu Kasanda hakucheka. Akasema taratibu, "Ambao babu zenu walibeba mizigo ile mabegani mpaka pwani, simameni."

Mabenchi yakalia. Wakasimama wa mbele, wa katikati, wa nyuma, na waliochungulia madirishani wakainua mikono. Kicheko kikakatika chenyewe. Nikayatazama mabega yale, ya wakulima, ya mafundi, ya kina mama wenye watoto mgongoni, sinema yote na kengele zake ikawa si kitu. Halafu nikamwona mama yangu. Naye amesimama, ananitazama mimi tu.

Kozi alipewa mwingine (na alistahili). Mimi nikapewa jina: Ipuli wananiita Ngamia mpaka leo, na naitika.

Jioni ile nikaenda kwa babu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nasikia umetuletea mifugo."

Nikacheka huku nalia, nikamuuliza baba yake alibebea bega lipi.

"La kushoto," akasema. "La kulia alituwekea sisi watoto."

Sinema naipenda bado, siwafichi. Ila nimeapa, sitaandika tena habari za watu kabla sijaketi chini na kuwauliza wenyewe, nikianzia nyumbani kwetu.