Injinia Dhimitraq Anaombwa Amsifu Mtu

Bibi Olimbi alimwita mwanawe "mbaya" tangu alipotoka arobaini mpaka alipokwenda jeshini. Dhimitraq alikuwa mtoto mnene, mwekundu wa mashavu, na majirani walikuwa na macho. Basi mama akamshonea punje ya kitunguu saumu begani, akatema mate pembeni na kumwita mbaya, ili kijicho kipite kando. Kambini ndipo alipojiona kwa mara ya kwanza kwenye kioo kirefu, akashangaa kukuta hana kasoro yoyote kubwa. Nayasema haya mapema kwa sababu asiyeyajua atamdhania katili, naye si katili hata chembe.

Ni mwaka wa thelathini na moja sasa anaendesha ofisi ya maji ya mji wetu huu wa milimani, juu ya mji mkubwa wa Korçë, na hajamsifu mtu. Ukifanya kazi nzuri, Injinia hukohoa. Ukifanya nzuri sana, hukununulia kahawa na kukwambia koti lako limechafuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji yenyewe ofisini kwetu yalikuwa taabu tupu.

Eranda alikuja miaka minne iliyopita na shahada ya uchumi kutoka mji mkuu, Tirana. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amegundua kilichowashinda wanaume wazima: nusu ya maji ilikuwa ikipotea si kwa mabomba kutoboka bali kwa kanuni mbovu, maana anayelipa na asiyelipa wote walifungiwa maji pamoja, basi hakuna aliyeona haja ya kulipa wala ya kufunga bomba. Akaandika kanuni mpya, akazitetea mbele ya baraza la mji mpaka zikapita. Mtaa wa juu, uliozoea kupata maji kwa muda wa kupika supu tu, sasa unayapata mchana kutwa. Siku kanuni zilipopita Injinia alimnunulia kahawa tatu. Injinia hakujaliwa mtoto, naye alimpenda binti huyu kama aliyemzaa.

Sasa Eranda alitaka kwenda Marekani kusoma shahada ya pili ya sera za umma, ajue jinsi kanuni za nchi nzima zinavyoandikwa. Alifanya mtihani wa Kiingereza, akatafsirisha vyeti, akaandika mara kumi na moja insha ya kueleza yeye ni nani. Aliomba vyuo vinne, na bila ufadhili hakuna safari. Kilichobaki ni barua ya mkuu wake wa kazi, ambayo mkuu huituma mwenyewe kwa kompyuta.

Jumatatu asubuhi Injinia alimwita na kumwambia kwa furaha kwamba barua ya chuo cha kwanza amekwisha kuituma. Vile vitatu vingine, ambavyo vingefunga kupokea barua kesho yake, atavimaliza mchana. Eranda akasema haruhusiwi kuisoma barua.

"Nani kakwambia usome? Nasoma mimi," Injinia akajibu, akavaa miwani.

Fomu ilimtaka amlinganishe Eranda na watu wote aliowahi kufanya nao kazi: chini ya kawaida, wa kawaida, mzuri, bora, bora kuliko wote. Mstari kwa mstari alikuwa amemweka kwenye "wa kawaida". Kwenye kujiamini alimshusha kidogo, kwa usalama zaidi. Kisha ikaja barua yenyewe, yenye mhuri wa ofisi: "Eranda si mbaya. Huja kazini. Wapo wabaya kuliko yeye."

"Nimekuweka katikati," akasema, "mahali ambapo hakuna jicho litakalokuona."

Eranda alicheka, kisha kicheko kikakatika akawa analia, akijifuta kwa mkono wa sweta.

"Injinia, kule mtu wa kawaida hutupwa kapuni. Nani atamlipia masomo mtu ambaye wapo wabaya kuliko yeye?"

"Chema chajiuza, binti yangu."

"Kitajiuzaje, na kiko huku milimani? Nani atakiona?"

Injinia aliuliza kama barua ile yaweza kurudishwa. Haikuwezekana. Akakohoa, na mara hiyo kikohozi hakikufaa kitu.

Mchana alikwenda kula kwa mama yake. Bibi Olimbi, mwenye miaka themanini na minane, alimkatia lakror, mkate wa tabaka uliojazwa vitunguu, na kumsikiliza mpaka mwisho. Mwanawe alitumaini kwamba angalau yeye angeona mafunzo yake hayakwenda bure.

"Kaandike kweli," mama akasema, "kisha uteme mate. Kitunguu saumu kipo tele."

"Na kijicho je?"

Bibi akaweka kisu chini. "Mimi nilikuita mbaya ili usichukuliwe. Mwaka ule mipaka ya nchi ilipofunguka, ukaitwa Bari, ng'ambo ya bahari, ukasome, nikakwambia wapo wenye akili kukuzidi. Ukakaa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Sasa wewe, msichana huyo unamkinga na jicho, au unamkinga na safari?"

Dhimitraq alimaliza kipande chake. Aliona aibu, kwa sababu swali lilikuwa limempata.

Alirudi ofisini, akapanga punje tatu za kitunguu saumu juu ya kompyuta, akafunga mlango. Aliandika habari za baraza. Aliandika habari za Januari ile Eranda aliposhuka mwenyewe shimoni kusoma mita iliyoganda, kwa kuwa hakuziamini tarakimu alizopewa. "Tarakimu zilikuwa zangu," akaandika, "na aliyekuwa sahihi ni yeye. Ni bora kuliko wote niliofanya nao kazi, nami nikiwemo. Sijapata kumwambia." Kila alipobofya "bora kuliko wote" alitema mate pembeni, ptu, hata mfagiaji akagonga kuuliza kama anaumwa.

Majibu yalifika Machi. Chuo cha kwanza kilikataa, na cha pili pia. Cha tatu kikampokea na kumlipia kila kitu. Cha nne hakuna aliyekumbuka kukiuliza. Eranda aliingia na karatasi mkononi, ofisi nzima ikasimama. Injinia naye akasimama, tukangoja akohoe.

"Eranda," akasema, "wewe ni hodari. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Ofisi nzima tukatema mate kwa niaba yake, maana yeye hakutema. Kwa miezi mitano alikaa akingoja baya lije, bila kujua litatokea upande gani. Lilikuja Agosti, na basi la alfajiri la kwenda uwanja wa ndege. Alimbebea binti begi mpaka mlangoni pa basi, akamtazama sana, akamwambia koti lake lililo mkononi limechafuka. Lilikuwa jipya, halijavaliwa hata mara moja.