Chupa Iliyoandikwa "Sijui"

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomwona mdudu akiogelea kwa ubavu. Nakuita mwanangu ingawa kichwani sina hata mvi moja. Kosa la siku zile lilinizeesha, basi nivumilie.

Nilikuwa kijijini Usinge kwa shangazi yangu Anastazia, kwenye bwawa lake la kufugia samaki aina ya perege. Aliinua fungu la majani ya majini, wakadondoka vijidudu vya rangi ya mchanga, kila mmoja kama punje ya mchele iliyopinda.

"Wewe unayesoma wadudu kwenye simu," akasema, "hawa ni akina nani?"

Mambo haya sikuyasomea darasani. Nilijifunza mwenyewe, chumbani kwangu mtaani Kanyenye, mjini, kwa kioo cha kukuzia na picha za simuni. Nikarudi na wachache chumbani, nikamweka mmoja kwenye kisahani cheupe. Hakuwa na gamba la mgongoni kama la kamba wa baharini. Mwili ulibanwa kushoto na kulia mithili ya kiroboto. Miguu mingine ilielekea mbele, mingine nyuma. Siku ya tatu nikajua ni wa kundi liitwalo amfipodi, jamaa wa mbali wa kamba. Usingizi ulinipotea kwa furaha. Na katika orodha zote nilizopata, hakutajwa yeyote wa namna yake kwenye maji ya kwetu. Alikuwa mgeni, na mgeni wa majini akizaana huweza kuwamaliza wenyeji.

Hapo ilinipasa kusema. Lakini mimi ni mtu wa kuogopa kukosea. Hata salamu huirudia moyoni kabla ya kuitoa. Nilitaka jina lake kamili, na jina hilo limejificha kwenye vinyweleo vya mkia. Nikahesabu vinyweleo wiki mbili. Nikamwona jike mwenye kifuko tumboni kilichojaa watoto, nikamchora vizuri, nikanyamaza.

Shangazi alipopiga simu nilimjibu, "Subiri kidogo, bado nahakikisha." Hakusikia neno la hatari, basi akamgawia jirani yake majani yale, kama wafugaji wa kule wanavyogawana. Na bwawa la jirani hufurikia kwenye kijito.

Niliporudi Usinge, nilimkuta Babu Kashindye, mrina asali wa pale kijijini, amekaa na shangazi ukingoni. Nikamwamkia, nikaanza habari za vinyweleo.

"Marahaba. Jina umelipata?"

"Bado, babu."

"Katoka wapi?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

"Majani niliyanunua Dar, kwa muuza samaki wa mapambo," shangazi akasema. "Alisema ni ya kutoka nje. Ungeniuliza siku ile ningekwambia."

Babu akacheka kidogo. "Zamani misafara ilipita nchi hii. Mgeni aliulizwa katoka wapi na kabeba nini. Jina lilikuja baadaye, akishakula. Wewe umekaa wiki mbili unamhesabia ndevu, na mlango uko wazi."

Siku ileile tuliziba njia ya maji ya kwenda kijitoni. Jirani alilikausha bwawa lake, perege wakiwa hawajafikia hata ukubwa wa kiganja. Aliwakaanga bila kunitazama. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Kisha babu akanipa chupa na kalamu. Nikatia wadudu kadhaa, nikaandika juu yake: "Sijui jina. Kaja ndani ya majani kutoka Dar. Yumo bwawani kwa Anastazia. Majike wana watoto." Mtaalamu wa viumbe wa majini niliyempelekea chupa ile alijibu kwamba hayo yanatosha kuanzia. Jina kamili halijapatikana mpaka leo. Kijitoni napita na wavu kila mwezi, na bado sijamwona hata mmoja. Wala siapi kwamba tuliwahi.

Haraka haraka haina baraka, najua, mwanangu; nilijificha humo. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingine tumbo lenyewe ni la jirani. Ukijua nusu, sema nusu, useme kuwa ni nusu. Usichokijua kiandike kwa mwandiko mzuri uleule wa unachokijua, na kabla ya kuhesabu vinyweleo, muulize mwenye bwawa.

Mungu akujalie jicho la kuona kitu kidogo kilichopinda, na ulimi usioona haya kusema sijui. Na maji ya kwenu yawe salama.