Mzee Aliyepimwa Moyo

Juma lililopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali hapa Arusha, nikisubiri dawa ya kikohozi. Mlango wa daktari, Mwingereza anayesema Kiswahili kizuri, ulikuwa wazi. Ndani aliketi mkulima wa kahawa kutoka Meru, mkewe amesimama nyuma yake.

“Kaka yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari kama mimi,” mkulima alisema. “Akaanguka shambani, moyo ukasimama. Tangu hapo sigusi jembe.”

“Kweli, sukari huumiza moyo kimyakimya,” daktari alisema, akimpima presha. “Ukipanda mlima, kifua kinabana?”

“Sijui, bwana daktari. Sipandi tena.”

Daktari akamwambia apande kilima kilicho nyuma ya hospitali. Mkewe akaandamana naye, amemshika kiwiko. Sisi wa benchini tukawasubiri mpaka waliporudi, mzee akihema kidogo tu. Daktari akamsikiliza kifuani, akamsikiliza mgongoni, kisha akatabasamu.

“Kwa sasa moyo wako ni mzima, mzee. Acha tumbaku, na uje tuupime mara kwa mara.”

Mkewe akafuta machozi kwa ncha ya kanga. “Na mikungu ya ndizi, anaweza kubeba?”

“Anaweza. Kazi itamsaidia.”

Mzee akavifungua tena vifungo vya shati. “Daktari,” akasema taratibu, “hebu sikiliza tena.”

Benchi zima likacheka, naye akacheka kutuzidi. Nimeona wengi wakifurahi kuruhusiwa kupumzika. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akifurahi kunyimwa.